Bi Lorna Tregear na Kanda ya Sahani Tupu

Merribrook, Ijumaa, 28 Juni 2019

Kwa Bi Lorna Tregear

Leo saa kumi jioni Bi Lorna Tregear, Mratibu wa Shughuli za Jamii katika Makumbusho ya Historia ya Merribrook, anarudisha ufunguo wa mlango wa nyuma. Ametumikia miaka thelathini na mmoja kasoro siku sita. Kamati ilitaka kuandika thelathini na mmoja kamili kwenye kadi, mwenyewe akakataa.

"Msiniongezee siku nisizofanya," alisema. "Mtanifanya nionekane mzee."

Mimi, Val Hendry, nimeombwa niandike wasifu huu kwa sababu nimemimina chai hapa kwa miaka kumi na tisa, na mtu wa chai husikia mengi. Sitaandika yote. Mengine aliniomba nisiyaseme, na mengine yanamhusu mwenyekiti.

Lorna alianza kazi Jumatatu tarehe 4 Julai 1988. Kiwanda cha siagi kilikuwa kimefungwa kwa miaka saba, na halmashauri ikawaachia wenyeji jengo ili wahifadhi humo vitu vya wazee. Aliajiriwa kukata tiketi siku mbili kwa wiki. Ndani kulikuwa na mashine zilizozungushiwa kamba nyekundu na vibao kumi na vinne vya "Usiguse". Wiki ya kwanza walikuja wageni sita, na wawili kati yao walikuwa wanakimbia mvua.

Wiki ya pili Lorna aliving'oa vile vibao, akavitia kwenye jiko la kuni na kuchemshia chai. Mwenyekiti wa wakati ule alikuja juu.

"Na watoto wakivunja kitu?"

"Wakivunja, tutajua walikuja," Lorna alimjibu.

Kila kitu tulicho nacho leo kilianzia hapo. Jumanne asubuhi ni ya watoto ambao hawajaanza shule. Wanagusa pamba ya kondoo, wanapiga kengele ya ng'ombe, wanalia, wanapewa biskuti. Likizo za shule ni za kusuka maziwa yawe siagi, na kila mtoto anarudi nyumbani na kipande chake kwenye karatasi. Jumamosi ni ya vijana. Wao hushona kwa cherehani za miguu, na msichana mmoja aliwahi kwenda kwenye dansi ya shule akiwa amevaa pazia letu la ukumbini. Alhamisi saa nne ni ya wazee.

Mkasa wa mwaka 1994 wengi mnaukumbuka, ila wageni wetu hawaujui. Tamsin Rourke, aliyekuwa na miaka minne, alitumbukiza mguu kwenye mtungi wa bati wa maziwa na mguu ukagoma kutoka. Mama yake alitaka mtungi ukatwe kwa msumeno. Mwenyekiti naye alitaka kujua kama haiwezekani kufanya lolote kabla ya msumeno, maana mtungi ulikuwa wa mwaka 1911. Lorna aliwaita watoto wote waliokuwa wakisuka siagi, akawaambia walete walichonacho. Siagi ya watoto kumi na mmoja iliingia mtungini, na mguu ukatoka bila kiatu. Kiatu bado kimo. Tamsin leo ndiye fundi umeme wetu, na kila akija kubadilisha taa huuchungulia mtungi na kukisalimia kiatu chake.

Jambo jingine ni la Shangazi Merle, kama sote tulivyomwita, mama wa Kigunaikurnai, wenyeji wa asili wa nchi hii, aliyeingia Alhamisi moja ya mwaka 1997. Alisimama mbele ya bango kubwa la mlangoni lililoandikwa "Watu wa Kwanza wa Merribrook", lenye picha ya wanaume wanne wenye ndevu na gari la ng'ombe. Alilisoma taratibu.

"Hawa wenye ndevu," alisema, "walipofika, bibi yangu aliwauliza kama wamepotea."

Lorna hakuitisha kikao. Alileta ngazi, akalishusha bango, akamvutia Shangazi Merle kiti na kumuuliza anatumia sukari ngapi. Shangazi alikuja kila Alhamisi kwa miaka tisa, mpaka alipofariki, na watoto wa Jumanne wakajifunza kwake majina ya ndege wa mto huu kabla hawajajifunza kuhesabu.

Sasa niseme juu ya meza ya Alhamisi, maana hapo ndipo moyo wa kazi ya Lorna ulipokuwa. Tunaiita "Nani Huyu?". Lorna humwaga mezani picha za zamani zisizo na majina, na wazee huziangalia na kubishana. Huyu ni fulani. Hapana, huyo ana masikio ya upande wa mama. Ndiyo, lakini aliolewa wapi? Picha zaidi ya elfu mbili zimepata majina kwa njia hiyo, pamoja na magomvi mawili yasiyokwisha.

Kila anayekuja huleta sahani, kama ilivyo desturi yetu popote tunapokusanyika. Sahani ina kitu cha kula juu, na chini yake kipande cha plasta chenye jina la mwenyewe, ili irudi nyumbani. Mzee Piet Verhagen peke yake ndiye huja na sahani tupu na kuondoka nayo imejaa. Amefanya hivyo tangu nimjue. Hana mke, na anasema hiyo ni ruhusa.

Kutokana na meza hiyo, mwaka 2001, Lorna alianza kunasa sauti za wazee kwenye kanda. Njia yake ilikuwa ya peke yake. Alimketisha mtu kwenye chumba cha mizani, walimokuwa wakipimia maziwa zamani, akawasha mashine, akauliza swali moja tu: "Ulipokuwa na miaka kumi, asubuhi ulikuwa unasikia nini kwanza?" Kisha alitoka kwenda kuweka birika na kumwacha mtu na mashine kwa dakika arobaini. Aliamini watu hawasemi kweli wakitazamwa usoni. Na kanda zenyewe hakuzisikiliza kamwe. "Ni kuchungulia dirishani kwa mtu," alisema. Alizitunza zije zisikilizwe na wajukuu.

Kwa namba hakuwa mtu wa kutegemewa. Kwa hiyo juu ya kila kisanduku cha kanda aliandika kitu ambacho msemaji alileta kwenye sahani siku ile. Skonzi za tende. Roli za soseji. Vitunguu vya siki. Nilimuuliza mara moja kwa nini asiandike majina.

"Wanawake wanaolewa, wanaachika, wanaolewa tena," aliniambia. "Keki ya mtu haibadiliki."

Hivyo tukawa na kanda mia mbili na kumi na mbili, zilizopangwa kama mkahawa.

Februari mwaka huu ilikuja barua kutoka kwa watunza kumbukumbu wa Melbourne. Walikuwa tayari kuzinakili kanda zetu zote kwenye kompyuta kabla hazijaoza, lakini kwa sharti kwamba kila moja iwe na jina la msemaji. Gari lingekuja tarehe 21 Juni. Zisizo na jina zingebaki hapa, na kanda ya zamani ikibaki kabatini hufa yenyewe kidogo kidogo. Lorna alikuwa ameshaandika barua yake ya kustaafu. Alisema haondoki akituachia fumbo la keki, na meza ya Alhamisi ikageuka kutoka "Nani Huyu?" kuwa "Keki ya Nani?".

"Biskuti ngumu," Lorna alisoma.

"Enid Fairclough, Mungu amrehemu," alisema Dot Pascoe, ambaye ana miaka themanini na minane na haogopi mtu. "Jino langu moja limo humo."

"Enid hakuwa wa biskuti. Enid alikuwa wa keki," mwenzake akabisha.

"Wewe ulikula keki yake, mimi nilikula biskuti yake. Nani alipendwa zaidi?"

"Sahani tupu," Lorna alisoma tena, na meza nzima ikamgeukia Piet kwa kicheko. Piet mdomo wake ulikuwa umejaa, akatikisa mkono tu. Lorna akaandika jina lake na kuendelea.

Mimi nilikuwa nangoja kisanduku kimoja. Mume wangu Clarrie aliliendesha lori la maziwa la kiwanda hiki kwa miaka ishirini na sita. Alinaswa sauti mwezi Oktoba mwaka 2004, na alifariki Septemba iliyopita. Nyumbani, sauti inayopokea simu tukiwa hatupo ni yangu, kwa sababu Clarrie hakupenda kuongea na mashine. Kwa Lorna alikubali mara ile moja. Hivyo sauti yake ilikuwa mahali pamoja tu duniani, au haikuwa popote.

Sikuwa na wasiwasi. Siku ile nilimpa keki ya pasheni, naikumbuka vizuri, na kisanduku cha "Keki ya pasheni" kilikuwepo, rafu ya tatu. Alhamisi moja ya Aprili, wenzetu walipoondoka, Lorna alinivutia kiti na kuweka kanda kwenye mashine. Akasimama ili atoke. Nikamwambia abaki.

Ilikuwa sauti ya Enid Fairclough. Alizungumza juu ya kuku. Tulimsikiliza muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa heshima.

Lorna alizima mashine. Ndipo aliponiambia kwamba mwaka 2006 kanda ziliadimika, naye akachukua sita ambazo visanduku vyake havikuwa na maandishi, akanasa juu yake.

"Val," alisema, "huenda nimemfuta Clarrie kwa mkono wangu."

"Ni kanda tu, Lorna," nilimjibu. Haikuwa kanda tu, naye alijua, na alishukuru nilivyosema.

Tangu siku ile alikuja kazini hata Jumatatu, siku yake ya mapumziko. Mwanamke ambaye hakuwahi kuchungulia dirisha la mtu aliketi na kanda zote ambazo bado hazikuwa na jina, akasikiliza dakika ya kwanza ya kila moja, huku akiwaomba radhi kwa sauti. Alipata majina yote yaliyobaki. Alipata shemeji yangu, alipata hata sauti ya mama yake mzazi, ambaye Lorna alikuwa amesahau kwamba alileta jeli. Clarrie hakumpata. Kila Jumatatu jioni alinipigia simu na kusema, "Bado," na mimi nikasema, "Haya, mama, kapumzike."

Alhamisi tarehe 20 Juni, siku moja kabla ya gari, masanduku yalikuwa yameshafungwa kwa gundi. Lorna alisimama mbele ya meza kusoma orodha nzima, jina na keki, ili kama kuna kosa lisemwe. Alisoma kwa sauti ya mtu aliyechoka. Alipofika katikati, Piet aliweka kikombe chini.

"Soma tena hapo."

"Piet Verhagen, sahani tupu."

"Siyo mimi."

"Piet, usianze," alisema Dot. "Nani mwingine mjini hapa angeingia na sahani tupu mchana kweupe?"

"Nakwambia sijawahi kukaa kwenye kile chumba. Miaka kumi na minane mama huyu ananibembeleza, nami nakataa. Na lafudhi yangu hii, nani angenielewa?"

"Hata mwezi wa tatu tulipoandika jina lako hukusema kitu!"

"Nilikuwa nakula!"

Hakuna aliyecheka. Lorna alikuwa ameshakwenda kwenye masanduku. Hakutafuta mkasi, alichukua kisu cha skonzi, chenye siagi hivyohivyo, akapasua sanduku la tatu. Dot ndiye aliyeweka kanda kwenye mashine.

Kwanza ilisikika sauti ya Lorna, ikiwa na miaka kumi na mitano pungufu, ikiuliza swali lake. Mlango ukafungwa. Kiti kikalia. Kisha mtu akakohoa, nami nikakijua kikohozi kabla ya neno lolote.

"Haya. Ametoka," alisema Clarrie. "Kwanza niseme jambo, maana sahani hii iko hapa inaniangalia. Mke wangu kanipa keki ya pasheni niilete. Nilisimama pale darajani nikasema nionje kipande, nijue kama imeiva. Imeiva. Nikasema nihakikishe. Mpaka naegesha gari hapa nje, keki hakuna. Nilikuwa na hofu na hii mashine, bwana, na nikiwa na hofu nakula. Val asijue. Sasa. Nilipokuwa na miaka kumi..."

"Keki nzima!" alisema Dot. "Ya mayai mangapi, Val?"

"Sita," nilisema.

Tulimsikiliza mpaka mwisho, meza nzima, chai ikapoa. Alitaja mashamba yote ya barabara ya juu kwa mpangilio wa lori, na mbwa wa kila shamba kwa jina. Aliiga kengele ya mashine ya krimu, ile ya kutenganisha krimu na maziwa, iliyolia mpaka mpini uzungushwe kwa kasi inayotakiwa, kwa sababu hiyo ndiyo sauti aliyoamkia utotoni: baba yake chini, kengele, kisha kimya. Akaiiga mara mbili, ya pili vizuri zaidi.

Kanda ilipokwisha nilikumbuka jambo. Siku ile mwaka 2004 Clarrie alirudi nyumbani akaniambia keki imesifiwa na Lorna amelamba vidole. Kwa ajili hiyo nilimwokea Lorna keki ya pasheni kila siku yake ya kuzaliwa, miaka kumi na minne mfululizo. Nilimgeukia.

"Lorna, wewe unapenda pasheni?"

Aliangalia birika. "Zile mbegu huingia chini ya meno yangu ya bandia."

"Sasa ulikuwa unakula ya nini?"

"Ulikuwa unaniangalia, Val."

Hapo tulicheka, na tulipoanza hatukuweza kuacha. Tamsin alikuwa juu ya ngazi ukumbini, akaja kuuliza nani ameumia. Tulipomweleza, alitoa simu yake na kuinakili kanda palepale kabla haijarudi sandukuni, mara mbili, kwa usalama. Mimi nilitembea mpaka nyumbani kwa miguu, kilomita mbili, nikiwa mwepesi. Nilipofika mlangoni ndipo nikakumbuka kwamba gari langu nimeliacha makumbusho.

Asubuhi yake gari la Melbourne lilikuja na kuzichukua kanda zote mia mbili na kumi na mbili, kila moja na jina. Hakuna hata moja iliyobaki. Zile sita zilizonaswa mwaka 2006 Lorna alizisikiliza pia, na anaamini zilikuwa tupu tangu mwanzo.

Wiki hii Tamsin ameweka kitufe kando ya mashine ya krimu. Ukikibonyeza, Clarrie anaiga kengele. Jumanne watoto walikibonyeza mpaka mama mmoja akauliza kama kinaweza kuzimwa. Lorna alimwambia hapana.

Siku hiyohiyo ya Jumanne, Lorna alinasa sauti ya mwisho ya utumishi wake. Mzee Piet aliingia chumba cha mizani amevaa tai, akibeba kwa mikono miwili sahani yenye jibini aliyotengeneza mwenyewe. Lorna aliwasha mashine, akauliza swali lake, akaenda kuweka birika. Piet alikaa mle saa nzima na nusu. Juu ya kisanduku kuna jina lake kwa herufi kubwa, na chini yake, kwa herufi ndogo, kwa sababu mtu haachi mazoea yake yote siku moja, neno "Jibini".

Lorna anahamia kwa dada yake, pwani, ambako kuna bustani ya maharagwe na hakuna kamati. Kwa niaba ya watoto wa Jumanne, vijana wa cherehani, meza ya Alhamisi, kiatu kilichomo mtungini, na wote uliowatunzia sauti bila kuwachungulia: asante, Bi Lorna. Tunakuombea asubuhi zisizo na haraka, magoti yasiyouma, na watu wa kukuuliza swali moja zuri kisha wakakuachia nafasi ya kujibu.

Leo kwenye meza ya kuagana utaona keki ya limau. Haina mbegu, maji ya limau nimeyachuja mara mbili. Sahani iliyo chini yake ni ileile aliyokuja nayo Clarrie, yenye ufa mdogo pembeni, na sasa ni yako. Nimebandika plasta yenye jina la Hendry chini yake, kama kawaida yetu, lakini safari hii usiirudishe. Kila utakapoigeuza kuiosha, utukumbuke.